Kutoka daftari la mzani hadi grafu: namna ya kuchunguza data ya samaki wa Lamu

Maswali ni yale yale. Kijana kapewa daftari la BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) aliingize kwenye kompyuta, kamaliza, sasa anauliza aanzie wapi. Mwingine kachora grafu ikatoka na meno kama msumeno, anadhani kompyuta imeharibika. Wa tatu, na hawa ndio wengi, anataka kutabiri kilo za mwaka ujao ilhali za mwaka jana hajaziangalia. Nimeandika mwongozo huu ili nikiulizwa tena nikupe huu, halafu tuzungumze yale ambayo hayamo.

Namba za kitu kimoja zilizopimwa tena na tena, zikapangwa kwa tarehe, huitwa mfululizo wa wakati. Kuuchunguza ni kuutazama kwa makini kabla ya kudai lolote: umekatika wapi, unapanda au unashuka, una mzunguko gani, na siku zipi hazifanani na jirani zake. Nadharia inaishia hapo.

Ila kuna jambo moja ambalo mafunzo ya mtandaoni hayatakwambia, na ndilo lililonifanya niandike. Programu nyingi huchukulia kwamba maisha yanakwenda kwa wiki na kwa Januari hadi Desemba. Bahari yetu haiendi hivyo. Uvuvi wa hapa una kalenda tatu kwa pamoja: wiki yenye Ijumaa yake, mwezi wa mbinguni unaoleta bamvua (maji yanayojaa na kupwa sana), maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo) na Ramadhani, na pepo za kaskazi na kusi. Ukiipima Lamu kwa kalenda moja tu, zile mbili zilizobaki zitakutokea kama fujo isiyo na maana.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Daftari lenyewe, au picha za kurasa zake zinazosomeka. Miezi mitatu inatosha kuona bamvua. Kusema lolote kuhusu kaskazi na kusi kunataka miaka miwili, na mitatu ni bora.
- Lahajedwali, iwe Excel, LibreOffice Calc au Google Sheets. Fomula za hapa zinatumia mkato. Yako ikikataa, jaribu nukta mkato.
- Aliyeliandika daftari. Namba yake ya simu ina thamani kuliko programu yoyote.
- Kalenda ya Kiislamu ya miaka husika, na jedwali la maji kujaa na kupwa kama unalipata.
- Ruhusa ya BMU. Majina ya manahodha yaondoe, weka namba badala yake. Nani alipata kilo ngapi ni siri ya mtu na tajiri wake.

Mifano ya namba humu nimeitunga ili uone kazi inavyokwenda. Usiinukuu popote.

Hatua ya 1: Ingiza daftari kama lilivyo

Fungua karatasi ya kwanza, iite Daftari, uandike kila kitu kama karani alivyoandika, makosa pamoja. Kusahihisha kutafanyika kwenye karatasi ya pili. Ukisahihisha huku unaandika, baada ya miezi miwili hutajua kipi ni cha karani na kipi ni chako.

Tazama alama ya kurudia. Makarani wengi, siku mbili zikifanana, huweka vile vijistari viwili vya wima kumaanisha "kama juu". Anayechapa kwa haraka huandika 11. Ukikuta siku yenye kilo 11 katikati ya siku za kilo 140, rudi kwenye ukurasa kabla hujafurahia ugunduzi wako.

Tazama vipimo pia. Samaki wakubwa hupimwa kwa kilo, lakini wadogo pengine wameandikwa kwa ndoo, pweza kwa idadi, na wakavu kwa korja. Usivijumlishe. Kila kipimo kiwe na safu yake hadi utakapopata namna ya kukigeuza kuwa kilo, na kwa ndoo namna ni moja tu: nenda kaipime ndoo ya bandari hiyo hiyo ikiwa imejaa.

Hatua ya 2: Nyoosha tarehe

Karatasi ya pili iite Safi. Kwenye A2 andika tarehe ya kwanza ya daftari, kwenye A3 andika =A2+1, kisha buruta hadi siku ya mwisho. Kila siku ya kalenda ipate mstari wake, hata ile ambayo daftari halina neno. Usikwepe hatua hii. Mfululizo wenye siku zilizorukwa huifanya Alhamisi na Jumamosi zionekane jirani, na hesabu zote za mizunguko huharibika.

Kisha leta kilo kutoka kwenye Daftari, ukichukulia kwamba tarehe ziko safu A na kilo safu B:

=IF(COUNTIF(Daftari!A:A,A2)=0,"",SUMIF(Daftari!A:A,A2,Daftari!B:B))

Wengi huandika SUMIF peke yake. SUMIF ikikosa tarehe hurudisha sufuri, na hapo umeshatunga siku ambayo watu walikwenda baharini wakarudi mikono mitupu. Idadi ya vyombo ilete vivyo hivyo kwenye safu C.

Sasa kosa la tarehe lililo kubwa kuliko yote. Sisi tukiandika 3/4 tunakusudia tarehe tatu Aprili. Kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani inasoma tarehe nne Machi, na haikwambii. Ikifika 13/4 inashindwa, inaiacha kama maandishi. Dalili yake ni hii: tarehe za 1 hadi 12 zimeegemea kulia mwa seli, za 13 kuendelea zimeegemea kushoto. Ukiona hivyo usirekebishe moja moja. Badilisha mpangilio wa nchi wa programu, kisha ingiza tarehe upya. Njia salama zaidi ni kuandika 2024-04-03 tangu mwanzo, mwaka mbele.

Hatua ya 3: Saa, na usiku wa nani

Kama daftari halina saa, ruka. Kama linazo, kaa kitako, maana hapa ndipo data ya pwani inapoharibikiwa.

Karani ameandika "saa 2". Ni saa mbili asubuhi, yaani 8:00 kwa kompyuta. Kanuni ya kugeuza: saa za mchana ongeza 6, saa za usiku ongeza 18, na jibu likifika 24 au kupita, toa 24. Saa kumi jioni ni 16:00. Saa tano usiku ni 23:00. Saa kumi na moja alfajiri: 11 na 18 ni 29, toa 24, unapata 5:00. Saa kumi na mbili ya asubuhi ihesabu kama ya usiku, ya jioni ihesabu kama ya mchana, na kanuni itakubali.

Ugumu uko kwa karani aliyechanganya. Kurasa za mwanzo saa za Kiswahili, kisha akapata simu yenye kuonyesha saa, akaanza kuandika 8 na 9. Panga saa za kushusha samaki mwezi kwa mwezi: ukiona zinaruka kwa saa sita kwa ghafla, kilichobadilika ni mkono wa karani, si tabia ya wavuvi.

Halafu usiku. Kwa wazee wetu siku huanza magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaofuata jua la Alhamisi kuzama. Kompyuta hubadilisha siku saa sita usiku. Wavuvi wa nyavu za jarife waliotoka jioni ya Alhamisi wakashusha alfajiri ya Ijumaa wanaweza kuandikwa siku yoyote kati ya hizo mbili. Muulize karani alifuata desturi gani, chagua moja (mimi huchukua siku ya kushusha, kwa kuwa ndiyo ya mzani), na uiandike juu ya karatasi.

Ukichukua data ya kina cha maji kutoka kituo cha Lamu kinachohifadhiwa na Chuo Kikuu cha Hawaii, kumbuka imeandikwa kwa saa ya Greenwich. Ongeza saa 3.

Hatua ya 4: Tenganisha sufuri na pengo

Ningeambiwa nichague hatua moja ya kukusisitizia, ningechagua hii.

Siku isiyo na kilo ina maana tatu tofauti. Kwanza, vyombo vilitoka na vikarudi bila kitu: hiyo ni sufuri ya kweli. Pili, hakuna aliyetoka, kwa sababu ya kusi kali, Idi, msiba au mafuta kukosekana: hapo kilo ni sufuri, lakini vyombo pia ni sufuri, na siku hiyo haisemi lolote juu ya samaki. Tatu, watu walivua kama kawaida ila karani hakuwepo: hapo hujui kitu, na kuweka sufuri ni uongo.

Fanya safu D, iite Hali, uandike neno moja katika matatu: walipima, hawakutoka, hakuna. Kistari "-" cha kwenye daftari kinaweza kumaanisha lolote katika hayo, kwa hiyo mpigie karani. Usimuulize kwa ujumla, kwamba "vistari vina maana gani?" Muulize kwa siku yenyewe: "Tarehe kumi na nne Julai, kulikuwa na upepo?" Watu hukumbuka upepo, hawakumbuki vistari.

Kuna ushahidi wa pembeni. Mapengo yakiangukia Ijumaa zaidi, hiyo ni mapumziko. Yakiwa siku tatu nne mfululizo katika Juni, Julai au Agosti, shuku kusi. Yakitokea kila mwisho wa mwezi, huenda karani alikuwa akifuata mshahara wake mjini.

Hatua ya 5: Namba zilizopotoka

Panga kilo kutoka kubwa hadi ndogo, utazame kumi za juu na kumi za chini. Kilo 1140 baina ya jirani za 110 na 160? Pengine ni 114.0 na nukta imepotea. Lakini usifute kwa kuwa tu ni kubwa: kundi la jodari likipita karibu, siku moja inaweza kuzidi wiki nzima. Weka alama, rudi ukurasani, uliza. Usipopata jibu, iache namba ilivyo na uandike shaka yako kwenye safu ya maelezo.

Hatua ya 6: Gawanya kwa vyombo

Jumla ya kilo inachanganya mambo mawili: samaki walivyo wengi, na watu walivyotoka wengi. Safu E:

=IF(AND(D2="walipima",C2>0),B2/C2,"")

Hiyo ni kilo kwa chombo. Kama daftari linataja aina ya chombo na zana, gawa zaidi. Mashua ya jarife na mtumbwi wa mshipi haviwekwi kapu moja. Vyombo vikiongezeka kutoka 8 hadi 15 jumla itapanda vizuri, mkutanoni watu watapiga makofi, huku kila nahodha anarudi na kidogo kuliko mwaka jana.

Hatua ya 7: Chora mstari mmoja, basi

Tarehe chini, kilo kwa chombo pembeni. Bila rangi kumi, bila kivuli, bila kulainisha. Ipanue grafu hadi ijaze kioo, kisha ikae mbele yako muda mrefu kuliko unavyodhani inahitaji. Mapengo yaonekane kama mapengo.

Hapo Excel ina hila. Seli yenye "" kutoka kwenye fomula huchorwa kama sufuri, na mstari unadondoka hadi chini. Tengeneza safu ya kuchorea tu: =IF(E2="",NA(),E2). Hiyo usiitumie kwenye wastani, kwani NA moja huharibu hesabu nzima.

Kisha weka mistari ya wima kwenye matukio. Kafyu ya korona ilianza 27 Machi 2020 na kuondolewa 20 Oktoba 2021. Wavuvi wa usiku wataionyesha. Gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa 20 Mei 2021. Ile marufuku ya kuvua usiku iliyowekwa kwa ajili ya usalama nayo iweke kama miaka yako inaigusa. Usisahau matukio madogo ambayo hayakuandikwa gazetini: mzani wa kuning'inia ulibadilishwa lini kuwa wa kidijitali, karani mpya alianza lini, tangu lini samaki wanapimwa baada ya kutolewa matumbo. Mstari ukipanda ngazi kwa siku moja na ukabaki huko huko, mara nyingi ni mzani, si bahari.

Hatua ya 8: Wastani unaosogea, siku 29

Ili uone mwelekeo, laini yale meno. Mafunzo mengi yatakwambia utumie siku 7. Kwa hapa siku 7 ni chaguo baya: bamvua mbili zinaachana kwa siku 14.77 hivi, kwa hiyo wastani wa siku 7 unaziacha zote zikicheza ndani yake. Tumia 29, ambayo ni karibu mwezi mzima wa mbinguni. Kwenye J16:

=AVERAGE(E2:E30)

Buruta chini, ukomee siku 14 kabla ya mwisho. Mstari huu hauna siku 14 za mwanzo wala 14 za mwisho. Usiujazilize.

Kujumlisha kwa wiki kuna mtego wake. Wiki mbili ni siku 14, bamvua ni 14.77, zinakaribiana bila kulingana. Utaona juu-chini-juu-chini kwa miezi kadhaa, kisha inafifia, kisha inarudi. Watu wametafuta sababu ya kufifia huko kwa wavuvi na kwa samaki, na sababu iko kwenye kujumlisha kwenyewe.

Hatua ya 9: Panga upya kwa kalenda tatu

*Wiki.* Safu F: =MOD(WEEKDAY(A2),7)+1. Jumamosi inakuwa 1 na Ijumaa 7. Hapa tazama idadi ya vyombo, si kilo kwa chombo. Samaki hawajui Ijumaa, wavuvi ndio wanaijua.

*Mwezi.* Safu G ni umri wa mwezi, 0 hadi 29:

=INT(MOD(A2-DATE(2000,1,6)-0.385,29.5306))

Safu H ni umri ndani ya mzunguko wa bamvua, 0 hadi 14:

=INT(MOD(A2-DATE(2000,1,6)-0.385,14.7653))

Fomula inahesabu kutoka mwezi mpya wa 6 Januari 2000, kwa saa za kwetu. Inaweza kukosea kama nusu siku, na kwa kazi hii haidhuru. Sufuri ya G ni mwezi usioonekana bado. Kuandama kwake huja siku moja au mbili baadaye, kwa hiyo usitegemee ilingane na tarehe ya Kiislamu. Bamvua yenyewe pia hufika kileleni siku moja au mbili baada ya mwezi mpya au mpevu.

Chora nukta: G chini, E pembeni, kila siku nukta yake. Halafu chora ya H. Usikimbilie wastani, nukta zenyewe zinaonyesha kama mpando ni wa siku nyingi au wa siku mbili za bahati.

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Safu hizi mbili zinauliza maswali tofauti. Kama kinachotawala ni maji, siku za mwezi mpya na za mwezi mpevu zitafanana, kwa sababu bamvua huja mara zote mbili; H itatoa umbo safi, na G itakuwa na vilima viwili. Hivyo ndivyo unavyotarajia kwa pweza wa kuokota kwa miguu, kwani bamvua hupwa sana, na kwa pwani yetu hupwa kwenye saa nne, saa tano asubuhi, mwamba ukiwa wazi na jua liko juu. Lakini kama kinachotawala ni mwanga, mwezi mpya na mwezi mpevu vitakuwa kinyume: giza lina samaki, mbalamwezi haina, maana wavu unaonekana. G itakuwa na kilima kimoja, na H itavuruga mambo kwa kuchanganya giza na mwanga kapu moja. Jarife la usiku ulijaribu kwa G. Nahodha yeyote angekwambia hayo bila kompyuta. Faida ya grafu ni kukuonyesha tofauti hiyo ni ya kilo ngapi, na kwa bandari ipi haipo.

Ramadhani iwekee safu yake ya ndiyo na siyo. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma siku kumi, kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2023 iliingia mwishoni mwa Machi. Mwaka 2025 karibu Machi yote ilikuwa Ramadhani. Ukilinganisha Machi hizo mbili ukasema uvuvi umebadilika, umelinganisha saumu na kutofunga.

*Pepo.* Fanya safu ya kaskazi, kusi, na maleleji, yaani kipindi cha katikati pepo zinapobadilika. Usikate kwa tarehe moja kila mwaka. Kusi hushika takriban Aprili hadi Oktoba na kaskazi Novemba au Desemba hadi Machi, lakini mwaka hadi mwaka huwahi au huchelewa. Waulize manahodha wawili watatu kila mwaka ulikwendaje, uandike tarehe wanazokubaliana. Kisha rudia grafu ya G kwa kaskazi peke yake na kwa kusi peke yake. Mara nyingi umbo la mwezi huonekana wakati wa kaskazi na kupotea wakati wa kusi, kwa kuwa wakati wa kusi anayeamua nani atoke ni upepo.

Hatua ya 10: Linganisha mfululizo na siku zake zilizopita

Toa kwanza mwelekeo. Kwenye K16: =IF(E16="","",E16-J16). Tuseme una miaka miwili, mistari 2 hadi 731. K itakwenda 16 hadi 717. Sasa uliza, siku ya leo inafanana kiasi gani na ya siku 7 zilizopita, 15 na 30?

Siku 7: =CORREL(K16:K710,K23:K717)
Siku 15: =CORREL(K16:K702,K31:K717)
Siku 30: =CORREL(K16:K687,K46:K717)

Jibu liko kati ya -1 na 1. Kwa siku nyingi kiasi hiki, lolote lililo kati ya -0.08 na 0.08 lipuuze. Ya 15 ikiwa juu na ya 7 ikiwa chini ya sufuri, ni maji. Ya 30 ikiwa juu na ya 15 chini, ni giza na mbalamwezi. Ya siku 7 isome kwa tahadhari: siku 7 ni nusu ya bamvua, kwa hiyo mzunguko wa wiki unaivuta juu na bamvua inaivuta chini. Ikitoka karibu na sufuri haimaanishi hakuna kitu, huenda wawili wanavutana kamba.

Hatua ya 11: Ukileta mfululizo wa pili

Watalii, bei ya barafu, mvua. Vitu viwili vyenye msimu mmoja vitafuatana hata kama havijuani. Wageni hujaa kijiji cha Shela wakati wa kaskazi, samaki nao huongezeka wakati wa kaskazi. CORREL itatoa namba nzuri, na mgeni hakuleta samaki hata mmoja. Toa wastani wa siku 29 kwa kila mfululizo kwanza, kisha linganisha mabaki.

Ukiwa Malindi, mto Sabaki ni mfano mzuri. Maji mekundu yanayoingia baharini hapo yanatoka bara, Athi hadi Galana, kwa hiyo mvua ya kiwanja cha ndege cha Malindi haitakueleza kitu. Tafuta mvua ya juu huko, kisha isogeze siku moja, mbili, tatu, hadi wiki mbili, utazame wapi inashikana na kilo zako.

Mambo yakikwama

*Grafu inaanza mwaka 1900.* Kuna seli ya tarehe yenye sufuri, au iliyoandikwa saa bila tarehe.

*Tarehe zinaonekana kama 45000.* Haijaharibika, ni hesabu ya siku ya programu, na hiyo ni 15 Machi 2023. Badilisha umbo la seli kuwa tarehe.

*Faili la mwenzako limepishana na lako kwa miaka minne na siku moja.* Limetoka kwenye Excel ya Mac ya zamani iliyohesabu kuanzia 1904. Ongeza au toa siku 1462.

*CORREL inatoa #N/A.* Safu mbili hazina urefu sawa, au umeingiza ile safu ya kuchorea yenye NA.

*Ijumaa ndiyo yenye samaki wengi.* Rudi hatua ya 3. Karani anaandika kesho yake, au usiku wa Ijumaa umeandikwa kwa desturi ambayo hukuifuata.

*Bamvua haionekani kabisa.* Kwanza angalia kama umechanganya zana. Pweza na jarife hufutana. Pili angalia tarehe: daftari lililosogea siku nne tano mahali fulani katikati, mathalani kwa kurasa mbili kubandukana, hufuta umbo lote. Chora G kwa kila miezi mitatu peke yake. Kilima kikisimama siku ya 2 kwa miezi ya mwanzo na siku ya 7 kwa miezi ya baadaye, umepata ukurasa uliopotea.

*Umbo liko, ila ni dogo kuliko wavuvi wanavyosema.* Tazama kama bandari ina siku za kutotoka. Wakijua maji mafu hayana kitu, hawatoki, na siku mbaya haziingii daftarini. Chora idadi ya vyombo dhidi ya H: vyombo vikipungua maji mafu, basi sehemu ya jibu iko kwenye safu C, na kilo kwa chombo peke yake haitakuonyesha.